Medali Ulizowatumia Watoto

Sake, Masisi
Tarehe 17 Machi 1953

Mpendwa kaka yangu Kanyamibwa,

Mama hakutulea tuanze ugomvi kabla ya kuuliza hali, kwa hiyo nakuuliza: hujambo? Wifi yangu Mukankusi anaendeleaje na mgongo wake? Mvua ya Itebero inakuachia njia ya kwenda kufundisha katekisimu? Sisi huku tu wazima. Mume wangu Sebarenzi yuko mlimani na ng'ombe, maziwa yanatoka vizuri, na mzee wetu Papa sasa anakula bila kubembelezwa. Basi, salamu zimekwisha. Nina hasira na wewe, kaka, na leo utanisoma mpaka mwisho.

Kifurushi chako kilifika wiki jana. Kabera wangu alikipokea kabla yangu, akaisoma barua yako kwa sauti pale uani, watoto wa majirani wote wakisikiliza. Unamsifu mwanangu. Unasema pepo wa mazuku alimkimbia kwa sababu ya imani yake, na kwamba umewatumia wenzake medali ili nao wasiogope tena. Wasiogope!

Umekaa msituni miaka mingi, labda umesahau mazuku ni kitu gani. Ni yale mashimo kati ya mawe meusi ya volkano, ambako ndege wanalala chini wamekufa bila jeraha. Mtu akishuka humo asubuhi, kabla upepo haujaamka, anaweza asipande tena. Wazee walitutisha kwamba mna pepo, nasi hatukukaribia. Wewe ulikuja Noeli, ukakaa na watoto wangu jikoni, ukawaambia pepo hana nguvu juu ya mbatizwa mwenye medali shingoni. Uliwaondolea woga, hukuweka kitu mahali pake. Kisha ukapanda lori ukarudi kwako.

Mwezi wa pili ndama wetu akashuka katika shimo lililo nyuma ya shamba la maharagi. Kabera akamfuata, na mbwa akamfuata Kabera. Ndama alikuwa ameshalala. Mbwa alizunguka kidogo, akaanguka. Kabera miguu ikamlegea, macho yakaingia giza, akashika kichaka cha ukingoni mpaka jirani yetu Ndagijimana akamvuta juu. Alitapika siku nzima. Alipoweza kusema aliniambia, "Mama, ni medali njo iliniokoa." Nililia, nikamshukuru Mungu, nikamwacha akuandikie hivyo. Ni mtoto wa miaka kumi na minne, aliyeponea chupuchupu; ningebishana naye vipi siku ile? Kutoka kwako nilitarajia maneno ya mtu mzima.

Badala yake ukatuma medali. Kesho yake baada ya kifurushi kufika, asubuhi nilikuwa nakamua, nikasikia watoto wanaimba wimbo wa kanisa. Kutoka nje naona wamejipanga mstari kuelekea shimoni, wakubwa mbele, na nyuma kabisa Athanasie, kitindamimba wangu, wa miaka mitano. Nilikimbia. Chungu cha maziwa nilikipiga teke, hata sikukiona. Niliwafikia wakiwa ukingoni kabisa. Mtoto wa jirani yetu Mama Dancille akanitazama kama mimi ndiye mjinga: "Tunaenda kufukuza shetani, Mama. Sisi wote tuko na medali!" Niliwachapa, kaka. Niliwachapa wote, wangu na wa wenyewe.

Mchana ule ule nilikwenda shuleni kwa mwalimu Makuza, nikamwambia awafundishe hawa watoto habari ya ardhi wanayoikanyaga, au nitawazika. Alikuja asubuhi iliyofuata na mti mrefu, amefunga mwenge wa majani makavu kwenye ncha. Watoto akawakalisha mbali, yeye akasimama juu penye upepo, akaushusha moto polepole. Uliwaka vizuri, kisha ukazimika ghafla. Akauwasha tena, akaushusha, ukazimika pale pale.

"Hii si shetani," akawaambia. "Ni hewa. Inatoka mu udongo, kule chini ya volkano. Iko nzito, inalala mu shimo sawa vile maji inalala mu bakuli. Ukiingiza kichwa ndani, unazama."

Mtoto wa Mama Dancille akauliza kama mtu anaweza kuzama bila kulowa. Makuza hakumcheka. Akamwambia ndiyo, na kwamba ndiyo maana hakuna anayejua amezama mpaka miguu imemlegea.

Kisha akauteremsha mti mpaka ukagusa chini ya shimo, akapima kutoka chini hadi pale moto ulipozimikia, akatia alama ya mkaa. Akausimamisha uani, akamwita kila mtoto asimame kando yake. Kabera alama ilimfika kifuani. Umeelewa sasa? Ndama na mbwa wanatembea na vichwa chini. Kabera ni mrefu: alipomwinamia ndama aliivuta, lakini aliposimama pua yake ilikuwa juu ya ile hewa, na urefu huo ameutoa kwenu wajomba zake. Ukitaka shukrani, nakushukuru kwa miguu yake.

Wala usiende kumwambia padri kwamba nimekuwa mpagani. Medali yangu ninayo shingoni, nitazikwa nayo. Naishika ninaposali. Siivai ili ninywe sumu.

Wengine alama iliwafika shingoni, wengine puani. Athanasie alikuja wa mwisho. Makuza akaweka kiganja juu ya nywele zake, na bado alama ilikuwa juu ya kiganja. Mtoto akatazama juu, akashika medali yako kwa vidole viwili, akaniuliza, "Mama, nikiinua mukono, medali itafika?"

Wewe ulimvalisha, wewe utamjibu. Pasaka uje, kwa lori au kwa miguu, usimame uani kwangu mbele ya watoto wote, useme kwa mdomo wako kwamba ulikosea. Mimi wananiogopa kwa sababu niliwachapa, na fimbo wataisahau. Makuza wanamsikiliza, lakini jana nilimkuta mmoja bado anamnong'oneza mwenzake kwamba mwalimu hana imani. Wewe ndiye wanayemwamini. Barua haitoshi, usinitumie barua.

Papa anakusalimu. Sebarenzi pia, ingawa alitaka nikuandikie maneno makali zaidi ya haya. Kabera anakusalimu kwa aibu. Nisalimie wifi Mukankusi na binti yenu Céline. Mungu awape afya, na akufungulie njia mpaka huku.

Athanasie hakutuma salamu. Kila lori likipita anakimbia barabarani kuangalia kama umefika.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata leo,
Adelaïde