Bampa Iliyobambuka Kama Ngozi ya Nyoka

Mpendwa Mama Eucabeth, nisaidie, lakini kabla ya huruma jua unaandikiwa na fundi. Shule niliachia form two, si kwa ujinga, ni vile walimu waliishiwa na maneno, na hapa kwetu karibu na Kabianga hakuna kitu hii mikono imeshindwa, redio, pikipiki, hata mlango wa kanisa. Sasa mjomba wangu Johana ako na gari, Probox, na mwisho wa mwezi wazee wanaipanda kwenda Mulot kumposea ndugu yangu Nicholas, na bampa, ile ya plastiki, ilikuwa imepauka kama magoti ya mtoto, wakwe wangetucheka, nikamwambia mjomba anunue rangi ya kupuliza tu, mengine aniachie.

Mama, sijawahi kuona kitu kama hicho. Nilipuliza nikanyamaza, mimi ambaye hata watu wakiomba huwa nanong'onezana na jirani. Mawingu yalishuka yakaingia ndani ya bampa, majani chai ya kilima chote yakajipanga mle ndani, na ng'ombe wa mjomba akakuja akajiangalia, akapumua juu yake, akajiangalia tena. Mjomba alivua kofia. Akaniita "fundi." Hajawahi kuniita kitu kizuri tangu nizaliwe.

Halafu mvua ya mchana, unajua yetu haiulizi ruhusa. Kesho yake mjomba akagusa pembeni na kidole, rangi ikainuka, akavuta, ikatoka yote kipande kimoja, nyepesi, umbo la bampa likiwa bado ndani yake, na hata mimi na hofu yangu niliona ni ajabu. Mjomba akasema, "Kijana, hii ni gari ama ni nyoka?"

Tukaenda dukani kwa Phelix, aliyetuuzia rangi. Mjomba akafoka, "Phelix, umeniuzia uji!" Phelix akajibu pole pole, "Mzee Johana, rangi haina shida. Muulize fundi wako alipaka nini kwa hiyo plastiki kwanza." Mama, nilikuwa nimepaka mafuta ya kukamulia, yale ya chuchu za ng'ombe. Si sisi wote tunapaka? Mikono ikipasuka na baridi, viatu vya Jumapili, plastiki ya gari ikipauka. Nilifikiri nikiing'arisha kwanza, rangi itang'aa mara mbili. Lakini nilisema, "Nilipangusa tu na kitambaa safi." Phelix akaniangalia, akampa mjomba mkebe mwingine, na mpaka leo mjomba anatangazia soko lote kwamba Phelix ni mwongo, na watu wameanza kulipita duka lake bila kuingia.

Nipulize tena ninyamaze, ama niseme nipoteze jina la fundi?

Kipngeno, mwenye mkono.

*

Kipngeno mwenye mkono, na mdomo uliuacha wapi? Nimecheka mpaka chai ikamwagika, halafu barua ikafika kwa Phelix nikaacha kucheka. Kushangaa mbele ya kazi yako ni kitu kizuri, mwanangu. Kuna watu wanazeeka bila kuona mawingu ndani ya bampa. Lakini hilo jina la fundi umelipuliza juu ya mafuta, na litabambuka vile vile.

Kabla hujagusa mkebe, mwambie mjomba. Atakupigia kelele, simama hapo upigiwe. Kisha muende wote sokoni, na vile alivyomtukana Phelix kwa sauti, wewe useme ukweli kwa sauti hiyo hiyo.

Sasa kazi. Toa bampa kwa gari, bandua rangi yote iliyobaki. Osha na maji moto na sabuni ya vyombo, uoshe tena, mpaka maji yatandae bila kujikusanya matone, kwa sababu ukianza msasa mafuta yakiwa juu, unayasugua yaingie ndani. Ndipo upige msasa laini wa maji mpaka plastiki ipoteze kung'aa. Ndiyo, itakuwa mbaya. Vumilia, rangi hushika mahali palipokwaruzwa. Pangusa na spiriti, iache ikauke, na usiiguse tena na hivyo vidole vya kukamua. Tanguliza praima ya plastiki, ile rangi ya chini ya kushikisha, halafu rangi nyepesi nyepesi, ya kwanza ikauke kabla ya pili, chini ya mabati penye hewa, asubuhi ukungu ukishaondoka na mvua ikiwa bado mbali, upande wa ziwa inakotokea. Funga pua na mdomo. Mafuta rudishia ng'ombe, ni yake.

Ikikauka, mwite Phelix aje ajiangalie, vile ng'ombe alijiangalia. Simama kando yake. Ukiweza kutazama hizo sura mbili, yake na yako, mle ndani bila kugeuza macho, panda gari uende Mulot.

Mama Eucabeth.