Neno Nililomtungia Kadiri

Kwa jina la Mola asitiriye aibu za waja wake. Nasibu ndugu yangu, ulimi wangu umenitia hatiani, tena kwa vina.

Unamjua Kadiri, jirani yangu hapa mtaani Molenbeek. Kila siku, nikiwa dirishani kwangu, nilimwona akitoka, hali sote tumefungiwa majumbani. Mjukuu wangu Lina alinifundisha neno jipya la Kifaransa, "covidiot", yaani mpumbavu asiyejali korona. Nikamtungia Kadiri beti mbili kwa neno hilo, nikazituma kwenye kundi la msikiti. Watu wakacheka!

Sasa hivi mkewe, Hidaya, amenipigia: "Papa Amissi, huyo mpumbavu wako ndiye anayekwenda kuosha maiti zetu, maana nyinyi wengine mmeogopa. Leo majirani wamemwimbia beti zako kwenye ngazi za jengo. Bon, basi, amesema haoshi tena."

Haoshi tena, Nasibu! Na Tonton Hamza, mzee wetu wa msikitini, amefariki alfajiri, anamngoja mwoshaji.

Navaa barakoa niende. Nitamwomba Kadiri radhi nikiwa nje ya mlango wake. Akikataa, anifundishe tu kuvaa zile nguo za kujikinga, nikamwoshe Hamza mimi mwenyewe.

Mola amrehemu aliyetangulia, na awahifadhi waliobaki, Kadiri kabla yangu.