Pai ya Jirani Mpya

Muriel, uko? Bado hasira hazijanitoka.

Si nilikwambia leo nampelekea yule jirani mpya pai ya tufaha, kama tulivyokuwa tukifanya mtaa mzima zamani? Nimebonyeza kengele. Kengele ikaniuliza, "Wewe nani?"

Kengele, mwenzangu. Kengele.

Nikasema mimi Lorna, nyumba ya pili, nimekuja kukukaribisha. Ikajibu, "Sawa bibi, iache hapo chini." Chini kwenye theluji, kama chakula cha mbwa. Na binti mwenyewe namwona dirishani, amejilaza kwenye kochi, simu mkononi, ananijibu kwa simu hiyo hiyo kupitia kengele.

Nimerudi na pai yangu. Nimeona kinyaa hata kuionja.

Sasa fungua kundi la mtaa. Ametupia picha iliyopigwa na kamera ya hiyo kengele yake: "Kuna anayemjua bibi huyu? Anazungukazunguka mlangoni kwangu." Na jina nilimtajia.

Lakini unajua kilichonikata maini? Nilipoiona ile picha, kwanza nilimhurumia. Nikasema, maskini, bikizee wa watu, baridi yote hii hana hata wa kumsindikiza.

Ndipo nikaliona koti langu.