Kamera ya Mama

Jumatatu, 5 Mei

Kamera imekataa tena. Ukurasa niliouunda ili tupigiane na Mama kwa video unafunguka, kitufe cha kupiga kipo, kamera haiwaki. Nimelisoma kosa lenyewe kwa Kiingereza mpaka nikaelewa: kivinjari hakitoi kamera kwa tovuti isiyo salama. Nahitaji cheti cha usalama. Madam Rehema, aliyenifundisha kompyuta kabla sijamaliza Kidato cha Nne, kanigawia nafasi kwenye seva, kompyuta ya mtandaoni anayokodi. Nimeogopa kumpigia. Nimemwandikia.

Simu za picha za kawaida hazipiti kule Uarabuni anakofanya Mama kazi za ndani. Sauti tu. Na Bibi haamini tena sauti, tangu binti wa jirani yake kule Chumbi arudishwe toka huko huko ndani ya jeneza, na watu wakakatazwa kulifungua. Yule naye kila akipiga alikuwa anasema yuko salama. Bibi anataka kuuona uso wa mwanawe. Hataki kingine.

Jumatano, 7 Mei

Cheti kimekubali. Nimejaribu kwa simu yangu na ya Mjomba Saidi, humu humu kwenye steshenari yake, Kibiti. Tumeonana! Mjomba kajitazama, kachana ndevu kwa vidole. "Kumbe mbaya hivi, na mke wangu kanyamaza miaka yote." Nimecheka kwa sauti. Dukani huwa sicheki.

Nimemwambia amlete Bibi.

Jumamosi, 10 Mei

Aibu.

Bibi kawaachia ndege mpunga wake, kapanda basi toka Chumbi, kakaa kwenye kiti cha wateja na khanga mpya. Mama kaingia kwenye ukurasa. Skrini nyeusi, kimya, ikakata. Tukarudia. Ikakata.

Kosa langu. Nilijaribu simu mbili zilizo kwenye waifai moja. Seva inazikutanisha tu, halafu zenyewe zinatafutana, na zikiwa nyumba moja hazikosani. Kutoka mbali, mitandao inazifungia mlango. Inatakiwa seva nyingine ya kupokezana, ikae katikati, ibebe picha. Hata hiyo haioni inachobeba. Sikulijua hilo, nikamsumbua mzee wa watu.

Bibi kaniuliza kwa sauti ya chini, "Mke mwenzangu, niambie kweli. Mama yako yupo?"

Nimesema yupo. Nikaenda kulia chooni.

Jumanne, 13 Mei

Seva ya kupokezana imekaa sawa. Sauti ya Mama imekuja safi kabisa. Picha hakuna. Mama anasema mtandao mbovu.

Si mtandao. Nimeuelekeza ukurasa unitumie makosa ya kila simu. La simu ya Mama ni fupi: mtumiaji amekataa kamera. Kaulizwa, kabonyeza hapana. Kwa Kiingereza ni maneno ya mashine tu. Nilipoyatafsiri kichwani yakaniuma.

Hataki nimwone. Au hataki kuniona. Nimemchukia. Sijamwambia mtu.

Alhamisi, 15 Mei

Nimemwandikia Mama. Mambo kama haya siyawezi kwa mdomo. "Najua kamera umeikataa mwenyewe. Bibi anadhani umekufa."

Kasoma. Ile sentensi ya pili nimeijutia. Ila ni kweli.

Ijumaa, 16 Mei

Watu wametoka msikitini, Mama kapiga mwenyewe. Picha imetoka! Chumba kidogo, ndoo, na Mama kavaa nikabu. Macho tu.

Bibi, ambaye bado hajarudi Chumbi, kaonyesha kona ya skrini. "Na kizee huyu kaingiaje?"

"Ni wewe, Bibi."

"Mungu wangu."

Mjomba kacheka. Hata Mama kacheka. Bibi naye kacheka, kisha akaacha.

"Unamfunikia nani uso? Tupo mimi, kaka yako na mwanao."

"Baridi, mama."

"Baridi gani ya usoni? Mimi nimekuzaa. Vua nikuone."

Mama kavua. Nywele zimenyolewa vibaya, mabaka mabaka. Shavu la kushoto limeungua, alama ya pasi ya umeme, ncha yake iko karibu na mdomo. Limekauka. Si la juzi. Kumbe wakati wote anasema "mimi mzima, hofu kwenu," lilikuwepo.

Mjomba kageukia rafu za madaftari. Bibi kanyoosha kidole, kagusa kioo pale penye shavu.

"Rudi nyumbani."

"Hati ya kusafiria anayo bosi wangu, mama. Na mlango anafunga."

Nilitaka picha ikatike. Mimi niliyeihangaikia karibu wiki mbili.

Jumamosi, 17 Mei

Sikula. Bibi naye hakula. Mjomba anakwenda Dar kuomba Mama arudishwe.

Jumatatu, 26 Mei

Mjomba karudi kutoka Dar. Kwenye ofisi ya serikali wamechukua maelezo, wamemwambia asubiri. Hajui asubiri nini.

Nipo Chumbi kwa Bibi. Alasiri Mama kapiga. Hakujifunika. Hakutaka mazungumzo. Kasema tu, "Niwekeni mahali, nione."

Nimeiegemeza simu kwenye kinu. Bibi kaendelea kupepeta mchele, mimi nachambua kisamvu. Kuku kapita mbele ya kamera, karudi, kadonoa chenga. Mama alikuwa anatazama. Nilimsikia anavyopumua.

Kule kwake mwanamke akaita, kwa ukali. Picha ikakatika.

Nikanyoosha mkono niichukue simu. Bibi hakuinua macho kwenye ungo.

"Iache hapo hapo, akipiga tena atukute," kasema.

Nikaiacha.