Mchanga Usiolia

Jumatatu, 3 Machi

Daftari hili alilileta Nesi. Niandike Mzee amekula nini, vijiko vingapi, saa ngapi. Kwa mbele naandika ya Nesi. Huku nyuma naandika yangu, kwa sababu nisipoyatoa yatanivimbia tumboni.

Mzee leo: uji, vijiko vitatu. Basi!

Tangu kiharusi kimpige mwezi wa kumi na moja, upande wa kulia haumtii na ulimi umebaki na neno moja tu: "Ta." Ta ni maji, ta ni choo, ta ni niondokee hapa. Baba yangu huyu huyu, aliyekuwa akigombana na wakandarasi akiwa juu ya jukwaa la ujenzi mpaka wanashuka kwenye magari yao kumbembeleza! Sasa anakula akiwekwa mbele ya tangi lake la samaki tu. Macho yakiwafuata wale vikambare sita, mdomo unafunguka, kijiko kinapita. Samaki wakijificha, mdomo nao unafungwa. Na leo ni siku ya tatu wamejikunyata nyuma ya pampu, hawapekui chini kama kawaida yao. Sielewi wana nini.

Mchana nilisafisha stoo ili kiti chake cha magurudumu kipate nafasi. Vipande vya nondo, ndoo zilizopasuka, makopo ya rangi iliyokauka, nusu gunia la mchanga. Nikaufinya: laini, unateleza, hauna makali hata kidogo. Huwezi kupigia plasta hata banda la kuku. Nikaumwaga kwenye lile shimo la getini, angalau magari yapite vizuri. Mzee alikuwa barazani, akaanza kelele — ta! ta! ta! Nikadhani jua linampiga usoni, nikamgeuzia kiti ukutani. Akaendelea vile vile. Namhurumia, lakini na mimi ni binadamu, nachoka.

Jumatano, 5 Machi

Samaki mmoja nilimtia kwenye chupa nikampeleka kwa muuza samaki wa mapambo, yule wanayemwita Profesa kwa ajili ya miwani yake na maneno yake mengi. Akaiinua chupa kwenye mwanga, akatikisa kichwa. Ndevu hakuna, akasema. Hawa wanaishi kwa ndevu, ndizo wanazopapasia chakula chini. Zile kokoto za bluu zilizomo kwenye tangi lenu zimezisaga mpaka zimebaki visiki. Wana njaa na wana maumivu. Toa kokoto, weka mchanga.

Halafu akanionyesha mchanga wake, umefungwa kwenye vifuko kama sukari. Nilicheka mpaka nikashika meza. Mimi, niuziwe mchanga! Miaka ishirini na mbili napiga plasta! Nikamwambia mchanga nimezaliwa nao, baba fundi, babu fundi. Akasema sawa, lakini si kila mchanga, na huyu samaki nadhani nilimuuza mimi, hebu subiri nikueleze... Nikamkatiza, ndugu yangu, zege linanisubiri. Alichofanikiwa kuniambia ni kuhusu siki tu: mwagia matone, mchanga ukitoa povu una chokaa, usiutumie. Hilo nimelishika.

Mzee: vijiko viwili na nusu. Ile nusu aliitema.

Alhamisi, 6 Machi

Hapa kazini tuna marundo matatu ya mchanga. Nimechagua kwa makini kuliko nilivyochagua mke. (Mama Watoto asilione daftari hili!)

Rundo la kwanza lina udongo. Nilitia kwenye chupa ya maji nikatikisa, nikaacha utulie, juu likabaki tope nene. La pili lina vipande vya makombe, siki ikafoka povu. La tatu, loo! Safi. Nikaufinya karibu na sikio kama Mzee alivyonifundisha nina miaka kumi na sita, siku yangu ya kwanza kazini. Alinijaza mchanga kiganjani, akanikunja vidole kimoja kimoja, akaisukuma ngumi sikioni. Unasikia? Mchanga mzuri unalia. Usiolia usimwekee mtu kwenye nyumba yake.

Huu unalia kweli kweli. Msimamizi akaniuliza nataka kujenga nini kwa ndoo mbili. Nikamwambia nyumba ya samaki. Amecheka hadi jioni, na sasa kazi nzima inaniita Baba Kambare.

Jumamosi, 8 Machi

Sina raha na siku ya leo.

Asubuhi niliuosha mchanga maji kumi na moja mpaka yakatoka meupe. Samaki nikawahamishia kwenye ndoo na maji yao, pampu nikaizima isije ikameza chembe, kokoto nikazitoa zote. Kazi ya kistaarabu kabisa. Kabla ya kuumimina nikamsogezea Mzee ile ndoo, nikasema Baba, onja mchanga wa mwanao. Nilitaka sifa, kwa nini nidanganye humu.

Akautia mkono wa kushoto. Akaupikicha kwa dole gumba. Uso ukakunjamana. Akauchota, akautupa sakafuni. Ta! Akachota tena, ukanipata kifuani. Ta! Akanyoosha kidole nje, kuelekea getini, mate yanamtoka.

Nikampigia kelele baba yangu. Nilimwambia wewe mzee umekuwa mtoto, nahangaika kwa ajili yako na unanimwagia uchafu. Maneno hayo hayo. Mama Watoto alikuwa mlangoni na fagio. Alifagia tu.

Mchanga nikauweka. Unene wa vidole viwili, nimeusawazisha kwa mwiko kama sakafu ya sebule. Ulivyokaa, mtu angepiga picha. Mzee hakuutazama.

Jumapili, 9 Machi

Wametoka! Wote sita wametoka nyuma ya pampu, wanachomeka pua mchangani, wanapekua! Mzee kala vijiko tisa. TISA. Nikamwambia Mama Watoto unaona sasa nani mtaalamu. Akasema haya, mtaalamu, kaoshe vyombo.

Jumatano, 12 Machi

Wawili wamekufa. Niliwakuta asubuhi wamelala ubavu. Midomo myekundu, imechubuka, kama mtu aliyekula na sindano. Wanne waliobaki wamerudi nyuma ya pampu.

Mzee jana kijiko kimoja. Leo hakuna. Amekaza meno, uji unamtiririka kidevuni, nafuta, nampa tena, unatiririka tena. Anatazama tangi, samaki hawaonekani. Nilimwimbia, nilimtania, mwisho nikalia mbele yake bila aibu. Mdomo ng'o.

Nesi alikuja saa nne. Akamfinya ngozi ya mkono, ikabaki imesimama, maji yamemwishia mwilini. Akanivuta jikoni. Ikifika Jumatatu bila kula ni lazima aende hospitali, awekewe mpira wa puani wa kulishia. Alisema taratibu, kama mtu anayejua anachokiomba.

Ule mpira. Mzee alimuuguza kaka yake nao wiki saba. Siku tuliporudi mazikoni alisimama sebuleni hapa hapa akasema, na sote tulimsikia: mimi msinitie huo mpira, mniache nile mwenyewe au nisile. Sasa mimi ndiye nitakayetia sahihi. Nitampeleka kwa mkono huu nilioshindwa nao kumwekea hata mchanga wa samaki.

Ijumaa, 14 Machi

Leo wa tatu kafa. Mzee: maji tu, kwa pamba.

Niliomba ruhusa kazini, nikaenda kwa Profesa. Nilichukua konzi ya mchanga wangu kwenye mfuko. Akaumwaga kwenye kioo, akanipa lenzi yake. Tazama, akasema. Nikatazama. Vipande vya chupa! Kila chembe ina kona, kila kona ina makali. Mchanga unaolia unalia kwa sababu chembe zinakwaruzana, na ndicho tunachokitaka sisi, saruji ipate pa kung'ang'ania. Niliwachagulia samaki wenye vidonda mchanga mkali kuliko wote. Kwa ufundi wangu wote! Mjinga asiyejua kitu angebahatisha vizuri kuliko mimi.

Nikamwambia nipe wako wa kwenye vifuko, nauchukua leo hii. Akasema umekwisha, mwingine ni wiki ijayo. Halafu akavua miwani. Siku ile ulinikatiza, akasema. Nilitaka kukuuliza, wewe si mtoto wa yule fundi mzee mwenye sauti? Alichukua vikambare sita hapa mwezi wa kumi. Nikamwambia awape mchanga, naye akanicheka kama ulivyocheka wewe. Ila yeye alirudi. Alikuja na konzi ndani ya leso, akasema ameupata kule mto unapopinda, ameupima vidoleni siku nzima, chembe zake mviringo, hazina kona. Alisema miaka yote amekuwa akiukataa mchanga wa namna hiyo, na leo ndiyo kwanza ameupatia kazi. Alikuwa na furaha, mzee yule. Alisema ameshaleta nusu gunia nyumbani.

Sikumsikia tena alichosema.

Nusu gunia.

Kiharusi kilimwahi kabla hajauweka tangini. Alikuwa barazani. Aliniona nikiumwaga. Aliniambia, kwa neno pekee alilo nalo, mara ngapi sijui. Nikamgeuzia ukutani. Na Jumamosi alipokuwa akinyoosha kidole nje...

Siwezi kuandika zaidi leo.

Jumamosi, 15 Machi

Saa tisa alasiri. Nimekaa chini dakika mbili, mgongo umekatika.

Tangu saa kumi na mbili asubuhi nilikuwa nimepiga magoti getini na mwiko. Juu magari yameushindilia na tope, haufai. Lakini chini, upande wa ukuta, kuna tabaka halijaguswa. Nimelikwangua kama mtu anayekwangua ukoko wa sufuria. Jirani aliuliza nimepoteza pete? Nikamwambia zaidi ya pete. Nimepata ndoo moja na robo, kokoto na majani ndani yake. Mama Watoto akaja, akaweka chujio lake la unga kando yangu, lile ambalo hata mama yangu mzazi hakuruhusiwa kuligusa. Akasema neno moja: baba yako kwanza.

Nikaenda. Nilipiga magoti mbele ya kiti. Nilisema Baba, mchanga wako niliumwaga mimi. Uliniambia, nikakugeuzia ukutani. Nikakutukana juu yake. Nisamehe, Baba. Alinitazama, kisha akatazama getini.

Nikauchuja ule mchanga, nikamwekea beseni mapajani, mchanga na maji. Sikujua la kufanya zaidi. Mkono wa kushoto ukaingia, ukazunguka, ukatulia. Ukatoka na kijiwe chenye kona. Akakitupa sakafuni, tak! Ukaingia tena. Tak! Nikaelewa: anachambua! Vijiwe vilivyonipita kwenye chujio, yeye anavikamata kwa vidole. Nusu saa hakuinua kichwa. Jasho linamtoka, lile la kazini, nalijua tangu utotoni.

Kisha akanishika mkono. Akanitia mchanga kiganjani, akanikunja vidole, kimoja, kimoja, kwa mkono ule mmoja wa kushoto. Kidole cha mwisho kilimshinda mara mbili, nikataka kumsaidia, akanipiga kofi mkononi. Akaisukuma ngumi yangu sikioni.

Kimya. Haulii kabisa.

"Ta," akasema. Hiyo niliielewa.

Samaki watatu wako kwenye ndoo, hewa wanayo. Tangi liko tupu, nimeliosha mwenyewe. Maji ya saba bado yana vumbi. Mama Watoto amesimama na bakuli la uji. Alimsogezea kijiko, Mzee akausukuma mkono wake. Si kwa hasira. Ana kazi. Mama Watoto ameniangalia, mimi nimemwangalia, keshokutwa ni Jumatatu. Uji unapoa.

Ananiita. Ta! Ta! Anagonga beseni, maji yabadilishwe, fundi gani anakaa chini wakati mchanga haujatakata. Naenda.