Rangi ya Kucha kwenye Propela

Mchafukoge,
Dar es Salaam.
Alhamisi, 21 Agosti 2025

Mpendwa kaka yangu Ghassan,

Assalaam alaykum, na shikamoo. Hujambo wewe, na wifi yangu Anfal hajambo? Joto la Muscat limepungua kidogo, au bado mnajifungia ndani mpaka magharibi? Sisi huku wazima, alhamdulillah. Mama goti linamsumbua kwenye ngazi, lakini juzi alishuka mwenyewe mpaka chini kununua bizari na akapanda tena bila kushikwa mkono.

Najua utashangaa kupata barua ya karatasi wakati simu zipo. Nilianza kukurekodia sauti, nikajisikiliza, nikakuta ni makelele matupu. Khalfani wa ghorofa ya chini anakuja huko Jumapili, nikaona bora nikae nikuandikie. Kaka, boti haijauzwa! Mashine imepona, na aliyeitengeneza ni mimi, Azza, mdogo wako!

Nianzie mbali kidogo, maana kwenye simu Baba hakukwambia yote. Unajua tu kwamba tangu mwezi wa sita mashine ikawa inanguruma lakini boti haiendi. Ukiongeza mafuta inapiga kelele, maji yanatibuka nyuma, na boti imekaa pale pale. Fundi aliyeletwa aliisikiliza dakika mbili, akasema gia zimekufa, kilichobaki ni kuiuza kama ilivyo. Baba akakubali bila ubishi. Hilo ndilo lililonitisha. Baba akose ubishi?

Siku moja nikamkuta anagawa spana zake kwa majirani. Nikamuuliza kulikoni. Akaniambia, "Azza, nilisahau kubadilisha oili ya gia. Nina hakika nilisahau. Kichwa changu kimechoka, mwanangu. Mtu anayesahau hivyo hafai kuwa baharini." Halafu akaingia ndani akalala, na ilikuwa saa nne asubuhi.

Ndipo akapatikana mnunuzi, Bwana Leodegar, mtu mwema anayevulia upande wa Kigamboni. Akapanga kuja Jumamosi iliyopita. Wewe ulisema tuuze, na mimi niliitikia. Lakini Jumatano nilikuwa Gerezani kutafuta koki ya bomba letu la jikoni, nikapita mbele ya duka la vipuri vya boti. Mwenye duka ni mwanamke, anaitwa Blandina. Nikamweleza ugonjwa wa mashine, basi tu, kama mtu anavyomsimulia mgeni.

Akaniuliza, "Dada, nani kakwambia ni gia? Umepima?"

Nikasema hapana. Akanieleza kwamba ndani ya propela kuna mpira ulioshika kitovu chake. Mpira ukichanika, kitovu kinazunguka peke yake na mapanga yanayosukuma maji yanabaki nyuma. "Chora mstari mmoja uanzie kwenye kitovu mpaka nje," akasema. "Funga boti, washa, tia gia, kisha zima uangalie. Vipande vya mstari vikiachana, ni mpira. Gia zenu nzima."

Alhamisi asubuhi nikavuka na pantoni mpaka Kigamboni ilipo boti, bila kumwambia mtu. Kalamu sikuwa nayo, nikachora mstari kwa rangi ya kucha, ile nyekundu aliyoniletea wifi. Nikaisubiri ikauke. Nikaifunga boti kwenye nguzo, nikashusha mashine majini, nikawasha, nikatia gia. Ikanguruma, kamba ikabaki imelegea. Nikazima, nikaiinua. Vipande vya mstari vilikuwa vimeachana, kimoja juu, kimoja chini! Nilipiga kigelegele peke yangu, mlinzi wa ufukweni akaja mbio akidhani nimeumwa na kitu.

Propela sasa ilibidi ing'olewe. Nilichomoa funguo na nyaya za plagi, nikakaza kipande cha ubao kati ya panga na sahani ya chuma iliyo juu yake ili isizunguke, nikanyoosha pini inayozuia nati, nikaichomoa, nikafungua nati. Kila kilichotoka nilikipanga kwenye kanga kwa mfuatano wake, nisije nikakosea kurudisha. Nyuma ya propela nilikuta mshipi wa kuvulia umejiviringisha kwenye shafti, kile chuma kinachoizungusha. Niliukata taratibu kwa kisu. Blandina alishanionya kwamba huo ukiachwa unakula sili, ule mpira unaozuia maji, yakaingia kwenye gia. Nikamwaga na oili ya gia kidogo niione. Ilikuwa safi, kaka. Ingeingia maji ingekuwa kama chai ya maziwa. Tena ilionekana ni ya karibuni kabisa. Baba hakusahau kitu.

Na sasa nikwambie jambo ambalo naona haya kuliandika. Panga moja lilikuwa na pengo la ukubwa wa ukucha wa kidole gumba. Nililijua pengo lile. Sikukuu ya Idi Kubwa tulikwenda kisiwani Sinda. Baba akiwa anaswali mchangani, mimi nilizungusha boti kuwafurahisha watoto, nikasikia "ko!" chini. Mwamba. Boti ikaendelea kwenda, nikanyamaza. Mzee wa watu miezi miwili anakilaumu kichwa chake, kumbe ni mkono wangu uliochana ule mpira.

Niliitia ile propela kwenye kikapu, nikarudi nayo mjini, nikapanda basi la mwendokasi mpaka dukani. Abiria mmoja akaniuliza kama ni feni ya chumba cha wageni. Blandina akahesabu meno ya ndani, akasoma namba, akanipa inayolingana. Kisha nikaenda nyumbani, nikaiweka ile ya zamani mbele ya Baba, nikamwambia kila kitu.

Aliichukua, akapitisha kidole kwenye pengo. Nikasubiri ngurumo.

"Kwa hiyo oili nilibadilisha," akasema.

"Ulibadilisha, Baba. Nisamehe."

Akacheka, kaka! Akacheka mpaka Mama akatoka jikoni. Kisha akaagiza spana zake zirudishwe zote kabla ya magharibi.

Jumamosi tulivuka wote wawili. Aliniachia mimi niifunge propela, yeye akasimama juu ya kichwa changu. "Paka grisi kwenye shafti, usione uchoyo. Wosha, ile pete ya nyuma, umeiweka? Pini mpya, ile ya zamani tupa." Tulipomaliza, Bwana Leodegar alikuwa ameshafika ufukweni. Baba akamsalimia kwa heshima, akamwomba asubiri, akapanda nami nikafuata. Akawasha, akatia gia, na boti ikaruka mbele kama imesukumwa! Nilianguka chali. Baba hata hakugeuka, alikuwa anaimba.

Tuliporudi alimwambia Bwana Leodegar, "Samahani sana, nimekusumbua bure. Mashine hii haiumwi." Yule bwana hakukasirika. Aliniuliza mimi kama ningeweza kumwangalizia ya kwake, maana nayo inatetemeka. Jumamosi hii ninakwenda. Mapanga yake nahisi yamepinda.

Nisalimie wifi, umwambie rangi yake imefanya kazi ya maana kuliko kupamba vidole. Wabusu watoto. Mama anakusalimu sana na anataka picha zao. Mungu akupe afya na riziki njema, akurudishe salama uje uione boti ikikata maji.

Na nina ombi moja. Ukimpigia Baba, usianze tena na lile swali tunalomuuliza sote kila siku, kama amekumbuka kumeza dawa zake. Muulize propela ya mashine yetu ina meno mangapi. Atakujibu kabla hujamaliza kuuliza.

Mdogo wako akupendaye, mwenye grisi kwenye kucha zote kumi,

Azza Muhiddin