Kwa Bibi, Kupitia Mikokoni

Jumamosi, Januari 1967. Asubuhi baridi, mchana jua kali. Miguu imekwisha.

Leo mimi na Mama tumetoka Matrah, mji tuliofikia tulipohama Pemba, kwa miguu kwenda kwa Bibi, mama yake Baba, kijiji cha nyuma ya Qurum. Baba tulimzika huko Pemba, Wete, mwaka jana, na Bibi alikuwa hajaambiwa. Mama alinikataza kuandika barua. Habari kama hiyo, anasema, mzazi hupelekewa kwa mdomo.

Bibi hajui Kiswahili, na Kiarabu cha Mama ni cha kubabaisha, kwa hiyo mkalimani ni mimi. Ila jambo hili alitaka alitamke mwenyewe. Nilimfundisha maneno, akawa anayarudia njia nzima.

Tumepita vijiji vya zamani, kuta za udongo zimelala, vingine vimebakiwa na mbuzi tu. Mama hakutazama kitu.

Qurum tukaikuta mikoko. Maji yalikuwa yametoka, tukavua viatu na kukatiza topeni. Harufu ilikuwa ya Pemba kabisa. Mama akasimama.

"Nnaogopa, mwanangu. Nikimwambia, itakuwa kafa tena."

Nilimshika mkono tukaendelea.

Bibi alitupokea kwa tende na kahawa. Huku mgeni huulizwa habari, naye hujibu ni kheri tu, hata kama nyumba yake imeungua. Tukajibu kheri. Bibi akauliza karafuu, kisima, wajomba zangu, hata mbuzi wa Mama. Baba hakumtaja. Kila Mama alipofungua mdomo, alijaziwa kikombe.

Nilikasirika, nasema kweli. Safari yote ile!

Alasiri tukaaga, tuwahi lango la Matrah kabla halijafungwa usiku. Tulishavaa viatu, Bibi akamshika Mama mikono yote miwili, akamuuliza kitu taratibu. Mama akanitazama nimfasirie.

Nikamfasiria neno kwa neno.

"Anauliza, edda ya kufiwa uliikalia wapi, na nani alikuwa nawe."

Kumbe Bibi alijua tangu alipotuona tunakuja wawili.

"Wete," Mama akasema, "kwa dada yangu." Kisha akalia kama sijapata kumuona akilia, na Bibi naye. Tukavua viatu tena.

Lango limefungwa bila sisi. Sijui kama kesho tutarudi. Mama hajaitaja Matrah, na Bibi ameviosha viatu vyetu, akavificha.